Sindano Iliyolala

Nilisikia kwanza nikikata kona kwenye lango la ng'ombe:
ti-ki, ti-ki, kama mtu anayealisha vidole chini ya sakafu.
Haldor, baba mkwe wangu, hakugeuza hata shingo.
"Krosi," akasema. "Ya kushoto. Ya kulia iko njiani."
Tuliposimama, theluji chini ya ekseli ilikuwa na doa
la rangi ya chai ya jana: oili ya difu.

Februari, Montana ya kaskazini, nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Ng'ombe mia na arobaini wana mimba, na marobota ya nyasi
yako ng'ambo ya korongo lisilopandika kwa magurudumu mawili.
Leif yuko Dakota kwenye visima vya mafuta, simu yake inaita tu.
Haldor anao ujuzi wote, na mikono isiyomtii;
kahawa humwagika kabla ya kumfikia mdomoni.
Basi mikono ikawa yangu.

Siku nzima ya kwanza ilikwenda kwenye habu.
Nikaimwagia mafuta, nikaichoma moto, nikaigonga,
nikaitukana kwa maneno ambayo marehemu Inga
asingeyaruhusu yapite mlangoni.
Saa kumi na moja jioni ikaachia, paa! juu ya buti langu.
Haldor akacheka mpaka akakohoa.

Shafti ikatoka ndefu, nyeusi, inachuruzika.
Nikaitoa krosi kwenye jiliwa. Ndani ya vikombe,
mahali pa sindano za chuma,
palikuwa na unga mwekundu, kama pilipili ya kusaga.

Sili za ndani ni kesi nyingine.
Huzifikii mpaka uufungue mfuniko wa difu
na kuutoa moyo wake wote, meno na beringi,
nao ukanilalia kifuani kama ndama aliyekataa kusimama.
Sili ya kushoto ilikuwa imekaa upande.
Ukingoni, alama tatu za nyundo, kila moja na njia yake.
Aliifunga mwenyewe, miaka minne iliyopita,
wakati bado anatuambia ni baridi tu inayomtetemesha.
"Imekufaje?" akauliza kutoka kwenye ndoo aliyoikalia.
"Uzee. Mpira umekauka."
Nikaitumbukiza kwenye kopo la bolti mbovu, nikafunika.

Sili mpya nilizivuta kwa nati, robo mzunguko, robo mzunguko,
zikaingia sawasawa. Nikasugua bomba la ekseli
kwa kitambaa kwenye mpini wa fagio. Tope lilitoka la kujaza sahani.

Kikombe cha nne cha krosi mpya kikagoma.
Kilibakiza unene wa ukucha; klipu haiingii.
"Gonga!" Nikagonga.
"Gonga kama una maana!"
Nikainua nyundo. Nikailaza mezani.
Chuma kilichokaa mahali pake hujibu kwa sauti nyembamba.
Hiki kilinung'unika.
"Nakifungua."
"Utapoteza saa nzima."
"Nakifungua, Haldor."

Sindano moja ilikuwa imelala kitakoni mwa kikombe,
nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Wenzake wote wima.
Haldor akanyoosha mkono aichukue. Mkono ukaenda,
ukayumba, ukarudi mapajani.
Hatukusema kitu.
Nikaisimamisha kwa ncha ya bisibisi na grisi kidogo,
naye akazihesabu zote, polepole, kwa Kinorwe cha mama yake,
kisha akazihesabu tena.

Jumapili tukashusha jeki.
Nikaingiza gia ya magurudumu manne,
nikakata kona ileile, usukani mpaka mwisho wake.
Haldor alishusha kioo, akatoa kichwa nje bila kofia.
Theluji ikasagika. Ng'ombe mmoja akalia mbali.
Kushoto, kimya. Kulia, kimya.
Akapandisha kioo, masikio mekundu kama nyanya.
"Pampu ya usukani," akasema,
"inapiga kelele."